Antibayotiki za zamani tulizozisahau na bakteria wa udongoni wanaozitengeneza: maswali mnayouliza kila siku

Nimekaa dirisha la famasi miaka kadhaa na kabla ya hapo nilikuwa maabara naotesha bakteria, kwa hiyo haya maswali nayapata pande zote, wagonjwa wanauliza, wanafunzi wanauliza, wafugaji nao wanauliza. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengine ni marefu mengine mistari miwili, inategemea swali lenyewe limebeba nini.

Hivi kweli antibayotiki zinatoka kwenye udongo au ni stori tu?

Kweli kabisa. Streptomaisini, tetra, kloramfenikoli, erithromaisini, gentamaisini, rifampisini ya TB, vankomaisini, kolistini, hizo zote mwanzo wake ni bakteria waliookotwa kwenye kijiko cha udongo sehemu fulani duniani. Watu wengi wanaijua historia ya penisilini tu, ambayo yenyewe inatoka kwa ukungu, wala si bakteria, halafu wanadhani hadithi imeishia pale. Hata nyingine ambazo leo zinarekebishwa kiwandani kama doksi na azithromaisini (ile wengi mnaiita azuma) mama zao ni zile zile za udongoni. Sipro na septrini ndo hazimo, hizo ni za wakemia toka mwanzo hadi mwisho.

Hao bakteria ni akina nani hasa?

Wakubwa wao ni jamii ya Streptomyces. Hawa si kama bakteria wa kawaida ambao kila mmoja ni kidonge kinachoogelea peke yake, hawa wanaota nyuzi nyuzi kama ukungu, wanajisambaza kwenye udongo wanakula majani yaliyooza, mabaki ya mizizi, maganda ya wadudu, halafu chakula kikiisha wanasimamisha nyuzi juu na kutoa vumbi la mbegu zao. Zamani hata wataalamu waliwachanganya na ukungu.

Na wewe unawajua, umeshawanusa. Ile harufu ya ardhi mvua ya kwanza ikidondoka baada ya kiangazi, ile inayokufanya utoke nje usimame barazani, sehemu kubwa ni kemikali inaitwa jiosmini na hawa Streptomyces ndo watengenezaji wake wakubwa. Kwa hiyo ukinusa ardhi yenye harufu hiyo jua wapo hapo chini.

Wapo na wengine. Gentamaisini inatoka kwa Micromonospora, kolistini kwa Paenibacillus. Kuna kitu kidogo watu hawakigundui, angalia boksi la dawa, streptomycin imeandikwa kwa y na gentamicin kwa i, si kosa la kuchapa, herufi ya y walipewa dawa za Streptomyces na ya i za Micromonospora.

Kwa nini wanatengeneza sumu? Wanamuua nani?

Wanauana wenyewe kwa wenyewe, au tuseme wanazuiana. Udongo gramu moja tu una mamilioni ya bakteria na zaidi, wote wanagombania kipande kile kile cha jani. Streptomyces akiona njaa inaingia anaanza kuvunja sehemu ya mwili wake ili apate malighafi za kutengeneza mbegu, na hapo hapo wenye njaa jirani wanakuja kula, basi ndo wakati anaoachia antibayotiki, kama mtu aliyezungushia shamba lake miiba siku ya mavuno. Kuna wanasayansi wanaosema pia kwa viwango vidogo kemikali hizi ni lugha, bakteria wanapashana habari. Mimi naona yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Ila kumbuka, anayetengeneza sumu lazima awe na kinga ya sumu yake la sivyo anakufa yeye kwanza. Hili tutalirudia kwenye usugu.

Nani alianza kuzitafuta?

1939 René Dubos, Mfaransa aliyekuwa anafanya kazi New York, alitoa kwenye bakteria wa udongo kitu kilichoweza kuua vijidudu vya magonjwa, kikaja kuzaa gramisidini. Ilikuwa kali mno kuingia kwenye damu lakini ilifungua mlango. Aliyemfundisha Dubos alikuwa Selman Waksman wa Chuo Kikuu cha Rutgers kule New Jersey Marekani, mtaalamu wa udongo, si daktari, na huyu akaamua kuifanya kazi hii kwa mpango, chukua udongo, otesha, jaribu, andika, rudia, maelfu kwa maelfu.

1943 mwanafunzi wake Albert Schatz, kijana wa miaka 23, akafanya kazi chini kabisa kwenye besimenti kwa sababu alikuwa anashika vijidudu vya TB na hakuna aliyetaka viwe karibu, akapata Streptomyces griseus, mmoja kutoka udongo wa shamba uliojaa mbolea ya samadi na mwingine kutoka kwenye koo la kuku. Hiyo ndo streptomaisini, dawa ya kwanza duniani kutibu TB. Nobel ya 1952 akapewa Waksman peke yake. Schatz alishamshtaki 1950 na wakamalizana akapata sehemu ya mrabaha na kutambuliwa kama mgunduzi mwenza, lakini zawadi hakuiona. Nikifundisha vijana huwa nawatajia majina yote mawili, sioni haki kutaja moja.

Na kabla ya streptomaisini kulikuwa na nini?

Hapa ndo penyewe. Kulikuwa na streptothrisini.

Waksman na Boyd Woodruff waliipata 1942, mwaka mmoja kabla. Ilikuwa inaua bakteria ambao penisilini haiwagusi, wale wenye ngozi mbili ambao maabara tunawaita gramu hasi, akina E. coli na Klebsiella. Furaha ikawa kubwa. Halafu wanyama waliochomwa dawa wakaanza kudhoofika siku kadhaa baadaye, figo zinaharibika. Ikawekwa pembeni, mwaka uliofuata streptomaisini ikaja ikapokewa na dunia nzima, na streptothrisini ikabaki kwenye kabati la historia.

Sasa kosa lilikuwa wapi. Ile waliyoiita streptothrisini haikuwa kitu kimoja, ilikuwa familia. Bakteria anatengeneza umbo moja lenye mkia, na mkia unaweza kuwa na pingili moja, mbili, tatu au zaidi. Yenye pingili moja inaitwa F, yenye tatu inaitwa D. Wakati ule vyombo vya kutenganisha vizuri havikuwepo, wanyama wakachomwa mchanganyiko wote pamoja, ukali wa mmoja ukahukumiwa kwa wote. Walitupa jongoo na mti wake.

Miaka 80 baadaye, 2023, kundi la James Kirby kule Boston likatoa kazi yao, wametenganisha F na D, wakaona F haina sumu kama ya D kwa figo lakini bado inaua, wakaona pia inapokaa ndani ya bakteria, kwenye ribosomu, kile kiwanda cha kutengeneza protini, inajishika kwenye kipande kidogo na kumfanya bakteria akosee kusoma maagizo yake. Wakaijaribu kwenye panya walioambukizwa Klebsiella aliyeshindikana kwa kila dawa, na ikamshusha. Bado haijafika kwa binadamu, narudia, usije famasi kuniulizia, hamna. Lakini mimi nikisoma kazi ile sikulala mapema siku hiyo. Miaka yote hiyo mchanganyiko wa hizi streptothrisini ulikuwa unauzwa kwa jina la nourseothrisini kwa maabara za jenetiki wanaitumia kuchuja seli zao, watu wanaimimina kila wiki na hakuna anayefikiria mgonjwa.

Mbona ikiwa ilisahaulika hivyo usugu wake tayari upo?

Umeuliza swali zuri sana na jibu lake linaumiza. Ujerumani Mashariki miaka ya 1980 waliamua kuweka nourseothrisini kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe haraka. Kwa watu ilikuwa haitumiki kabisa, ndo maana wakaona ni salama. Baada ya miaka michache E. coli wa nguruwe wakawa sugu, halafu wakakutwa sugu kwa wafanyakazi wa mabanda, halafu kwa familia zao, halafu kwa watu wa mjini wenye UTI ambao hata banda la nguruwe hawajawahi kulikanyaga. Dawa ambayo hakuna binadamu aliyeimeza.

Nikimwambia mfugaji kuhusu dawa za kuku huwa naanzia hapo.

Kolistini ni ipi na kwa nini madaktari wanaisema kwa sauti ya chini?

Kolistini iligunduliwa Japani kuelekea 1950, bakteria wa udongo tena. Inafanya kazi kama sabuni, inaingia kwenye ile ngozi ya nje ya bakteria gramu hasi na kuipasua. Ilitumika sana mwishoni mwa miaka ya 1950 na ya 60, ikaonekana inaumiza figo na mishipa ya fahamu, na kwa kuwa gentamaisini na wenzake walikuwa wamefika, ikaachwa kufikia miaka ya 1970. Watoto wa pharmacology wa miaka ya 90 walikuwa wanaipita kwenye kitabu kama jina la marehemu.

Halafu hospitali zikaanza kupata Klebsiella, Acinetobacter na Pseudomonas wasiosikia hata meropenem, antibayotiki kali ya hospitali. Wakarudi kwenye kabati. Kolistini ikawa dawa ya mwisho, yaani baada yake unabaki kuomba Mungu. WHO wameiweka kundi la akiba kwenye mpango wao wa makundi matatu walioanza 2017: za kutumika kwanza, za kuangaliwa, na za akiba.

Wakati madaktari wanaibania hivyo, mashambani ilikuwa inamwagwa kwa tani. Novemba 2015 watafiti China wakatangaza wamepata jeni (kipande cha maagizo ya urithi) inayoitwa mcr-1 kwenye nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, na jeni hii imekaa kwenye kipande cha DNA kinachohama, bakteria mmoja anampa mwingine kama mtu anavyompa mwenzie namba ya simu. Kabla ya hapo usugu wa kolistini ulijulikana lakini ulikuwa unabaki kwa bakteria mwenyewe na uzao wake. China wakaiondoa kwenye chakula cha mifugo 2017, na kufikia hapo mcr-1 ilishaonekana nchi nyingi.

Wafugaji wa kuku mnaosoma hapa, zile dawa za unga za kuchanganya kwenye maji, nyingine ni doksi na kolistini pamoja. Soma pakiti. Kama kuku hawaumwi usiwape, na wakiumwa muone daktari wa mifugo kwanza badala ya kununua ile aliyonunua jirani.

Kloramfenikoli mbona siku hizi naiona kwenye matone ya macho tu?

Ilitoka kwenye udongo wa karibu na Caracas Venezuela, 1947, na bakteria akaitwa Streptomyces venezuelae. Ilikuwa ya kwanza kutibu taifodi kwa uhakika, ugonjwa uliokuwa unaua watu wengi sana, na wazee wetu wengi wako hai kwa ajili yake. Ilikuwa bei poa kwa sababu wakemia waliweza kuitengeneza bila bakteria kufikia 1949.

Tatizo, kwa mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu inazima kabisa uboho, damu haitengenezwi tena, na huwezi kujua mapema ni nani. Kwa watoto wachanga dozi ikizidi wanakuwa wa kijivu na wanakufa kwa sababu ini lao halijaweza kuichakata. Nchi tajiri zenye dawa nyingine zikaiacha. Huku kwetu ilibaki muda mrefu kwa homa ya uti wa mgongo, ile ya mafuta ilikuwa sindano moja tu inatosha wakati wa mlipuko, na hilo si jambo dogo kwenye zahanati yenye nesi mmoja na foleni ya watu mia. Mimi sikubaliani na wanaosema ni dawa mbaya. Ni dawa kali yenye mahali pake, na bado imo kwenye lile kundi la WHO la kutumika kwanza.

Tetra je? Si tunafungua kapsuli tunamwaga kwenye kidonda?

Najua mnafanya, kila mtaa wanafanya. Acheni. Unga ule unakauka unafanya gamba juu, usaha unabaki chini, na bakteria wanapata dozi ndogo ndogo ya kujifunzia. Kidonda kinataka maji safi na sabuni, na kikiwa kikubwa kinataka hospitali.

Historia yake lakini ni tamu. Benjamin Duggar alikuwa mzee ameshastaafu ualimu, akaajiriwa na kampuni ya Lederle akiwa na miaka 70 na kitu, akaomba udongo kutoka sehemu mbalimbali, na ule wa shamba la majaribio la Chuo Kikuu cha Missouri ndo ukatoa bakteria wa rangi ya dhahabu, Streptomyces aureofaciens, akatangaza 1948. Ndo klorotetrasaiklini, dada mkubwa wa tetra na doksi zote. Oksitetra ya ng'ombe ambayo kila mfugaji anayo kwenye begi ikafuata 1950.

Na kuna jambo linanishangaza kila nikilikumbuka. Nubia, kaskazini ya Sudan, kuna makaburi ya watu walioishi kama miaka 350 hadi 550 baada ya Kristo. 1980 watafiti wakaangalia mifupa yao chini ya taa ya urujuani ikang'aa rangi ya kijani na manjano, kama inavyong'aa mifupa ya mtu aliyemeza tetra, kwa sababu tetra inajishika kwenye kalsiamu. 2010 wakathibitisha kwa kemia kwamba ni tetra kweli. Maelezo yao ni pombe ya nafaka, kama komoni au busaa tunavyovijua, nafaka imeingiwa na Streptomyces kutoka udongoni, imechachuka nao, na watu wanakunywa mara kwa mara hata watoto. Miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Duggar. Tetra kung'ang'ania kalsiamu hivyo ndo sababu hiyo hiyo wajawazito na watoto wadogo hawapewi, meno yanabadilika rangi.

Rifampisini ni ya zamani pia? Mi nilidhani ni mpya.

Udongo ulichukuliwa 1957 kwenye msitu wa misonobari karibu na Saint-Raphaël kusini mwa Ufaransa, kazi ikafanywa maabara ya kampuni ya Lepetit, Milan Italia, na akina Piero Sensi, na rifampisini yenyewe, ya kumeza, ikapatikana 1965. Ndo hiyo inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa, msiogope.

Na hapa Afrika Mashariki tuna mchango ambao watoto wetu hawafundishwi. Zamani TB ilitibiwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wagonjwa wanachoka wanaacha njiani. Mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na ya Uingereza yakafanya majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania, matokeo yakatoka 1972, yakaonyesha ukichanganya streptomaisini, isoniazidi na rifampisini, miezi sita inatosha na wanaorudiwa na ugonjwa ni wachache sana. Dozi ya miezi sita iliyoenea duniani kote imejengwa juu ya matokeo hayo. Dawa mbili kati ya zile tatu ni za udongoni, na miili iliyothibitisha ilikuwa ya watu wetu.

Haya madhara ya masikio ni ya kweli?

Ya kweli. Baba yangu mdogo TB ilimrudia, akapewa mpango wa pili wa zamani, streptomaisini sindano kila siku miezi miwili. Wiki ya tano hivi akaanza kusema masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki, hakuna aliyemsikiliza pale alipokuwa anadungwa, wakamwambia ni uchovu. TB ilipona. Sikio la kushoto mpaka leo halisikii na la kulia ukimwita lazima umsogelee. WHO waliacha kupendekeza mpango ule 2017.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiwa kwenye sindano za jamii hii, streptomaisini, gentamaisini, amikasini, kanamaisini, ukisikia mvumo au kizunguzungu sema siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki ijayo. Chembe ndogo za nywele ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Na figo zipimwe. Siku hizi tunajua kupima dawa kwenye damu, kupanga dozi kwa uzito, kuacha nafasi kati ya dozi, vitu ambavyo miaka ya 1950 havikuwepo, na ndo sababu naamini dawa nyingi zilizotupwa zinastahili kuangaliwa upya kwa vyombo vya leo.

Vankomaisini na fosfomaisini nazo?

Vankomaisini, udongo wa Borneo uliotumwa na mmisionari kwa kampuni ya Eli Lilly, ikaruhusiwa 1958. Mwanzoni ilikuwa chafu ya kahawia mpaka wenyewe wakaiita tope la Mississippi, ikakaa nyuma ya methisilini, ndugu wa penisilini, miaka mingi, usugu ukaja ikaitwa tena mstari wa mbele.

Fosfomaisini ni ya Hispania, 1969, umbo lake dogo kabisa. Pakiti moja ya gramu 3 inakorogwa kwenye maji inanywewa mara moja kwa UTI ya kawaida ya wanawake. Nchi nyingi ziliipuuza miongo mizima.

Usugu si umeletwa na sisi?

Kuuzidisha ndio, kuuanzisha hapana. 2011 watafiti walichimba udongo ulioganda kule Yukon Kanada, wa miaka 30,000, wakakuta jeni za usugu wa tetra, penisilini na hata vankomaisini. Nilisema juu, mtengenezaji wa sumu lazima awe na kinga. Hizo kinga zimekuwepo udongoni siku zote. Sisi tulichofanya ni kuzipa soko. Hata streptomaisini yenyewe, jaribio la Uingereza lililochapishwa 1948, waliopata dawa 55 walikufa 4 kwa miezi sita, wasiopata 52 walikufa 14, tofauti kubwa sana, lakini humo humo wengi waliopewa wakaanza kutoa TB sugu. Kwa hiyo TB haikupigwa tena na dawa moja peke yake.

Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilitokana moja kwa moja na bakteria sugu. Na kusini mwa Sahara ndo tulikuwa na hali mbaya kuliko wote kwa kulinganisha na idadi ya watu.

Kwa nini kampuni hazitafuti mpya tena?

Sababu ya kwanza, walichoka kupata kile kile. Miaka ya 1940 na 50 kila udongo ulitoa kitu, kufikia miaka ya 60 unaotesha maelfu unapata streptothrisini na streptomaisini tena na tena. Ya pili ni hela, antibayotiki nzuri mgonjwa anameza wiki moja anapona, na ikiwa nzuri zaidi daktari anaificha isizoeleke, biashara gani hiyo, dawa ya presha mtu anameza maisha yote.

Ya tatu ndo inanipa hamu. Bakteria wengi wa udongo hawakubali kuota kwenye sahani ya maabara. Na hata wanaokubali wanaficha. 2002 ulipochapishwa mpangilio wote wa DNA ya Streptomyces coelicolor, walikuta zaidi ya maeneo 20 ya kutengeneza kemikali wakati watu walikuwa wanazijua chache tu, nyingine zimelala. Kim Lewis na wenzake Boston wakabuni kifaa cha kumuotesha bakteria humo humo udongoni kwake, wakapata teiksobaktini kutoka udongo wa Maine, ikatangazwa 2015.

Nikipaka udongo kidondani au nikila pemba napata antibayotiki?

Hapana. Udongo una pepopunda, una minyoo. Usipake kwenye kidonda na kitovu cha mtoto ndo kabisa usikiguse na udongo wala samadi. Pemba, au odowa kwa wa Kenya, haina dozi ya kitu chochote cha kutibu.

Huu udongo ukitoa dawa, mwenye udongo anapata nini?

Mara nyingi hakuna. Erithromaisini ilitoka Iloilo Ufilipino, daktari Abelardo Aguilar ndo alituma sampuli 1949, dawa ikauzwa dunia nzima kuanzia 1952, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anadai mgao wake. Ndo maana Itifaki ya Nagoya ya 2010 ni muhimu, inasema nchi yenye kiumbe ikubaliane kwanza na anayechukua na igawiwe faida. Sampuli ya udongo ikitoka nchini iwe na karatasi.

Kuna mfano mzuri wa kugawa, si antibayotiki ila ni ndugu yake. Satoshi Ōmura alichukua udongo karibu na uwanja wa gofu pwani ya Shizuoka Japani, akapata Streptomyces avermitilis, ikatoka ivermektini, Nobel 2015 yeye na William Campbell. Tangu 1987 kampuni ya Merck wanaitoa bure kwa usubi, na baadaye kwa matende. Wale mnaogawiwa vidonge vya matende na mabusha Tanzania mara kwa mara, kimojawapo ni hicho, kimetoka kwenye udongo wa Japani.

Mi mwalimu wa biolojia, wanafunzi wanaweza kuwatafuta hawa bakteria shuleni?

Wanaweza mwalimu wangu, na ningefurahi sana. Chukua udongo sentimita kama 10 chini, chini ya mti au pembeni ya bustani, uache ukauke siku chache kivulini, Streptomyces wanavumilia ukavu na wengine wengi wanakufa. Gramu moja kwenye maji yaliyochemshwa, tikisa, punguza mara kumi, mara kumi tena, mara kumi tena, ndipo uweke tone kwenye sahani yenye agari ya wanga. Funga. Usiharakishe, siku ya pili utaona wengine wamejaa ukadhani umeshindwa, subiri siku saba hadi kumi. Utaona vidoa vigumu vyenye unga juu kama chaki, vyeupe, vya kijivu, vingine vinatia rangi agari chini yake, na vimeshika huwezi kuvikwangua kirahisi. Wahamishie kwenye sahani mpya, halafu pembeni yao chora mstari wa bakteria asiye na madhara kama Bacillus subtilis. Mstari ukikatika kabla ya kuwafikia, ukaacha nafasi tupu, hapo kuna kitu kinatoka.

Usitumie kabisa vijidudu vya mgonjwa kwa hilo jaribio. Sahani zikishaota zifungwe kwa selotepu zisifunguliwe bila sababu, wanafunzi wasinuse kwa karibu hata kama harufu ya mvua inawavuta, na mkimaliza zote ziingie kwenye presha kuka nusu saa kabla hazijatupwa.